Punguzeni "haya": kwa walimu wapya wa kitengo

Wadogo zangu mliotoka Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na kwingineko, karibuni kitengo chetu cha wanafunzi wenye ulemavu. Vyeti vyenu nimeviona, maandalio yenu ya somo yamenyooka kuliko yangu, na nguo zenu bado hazina madoa ya uji. Hilo la mwisho litajirekebisha lenyewe. Haya mengine naandika kwa sababu nimechoka kupita dirishani nikisikia sauti moja tu darasani, tena ya mwalimu: "Haya, shika. Haya, sukuma. Vizuriii! Haya, tena." Mwanafunzi ana miaka 16 na ulemavu mkubwa wa akili, anafundishwa kufunga vifungo vya shati. Shati lenyewe limechorwa ubaoni.

Nimeweka namba ili msije mkasema sikupanga.

1. Kazi ifanye wewe mwenyewe kabla hujaikata vipande. Mwenzenu mmoja aliandika hatua 4 za kunawa: lowesha, paka sabuni, sugua, suuza. Nikampeleka kwenye kibuyu chirizi chetu, kile kidumu kinachomwaga maji ukikanyaga mti uliofungwa kamba, nikamwambia anawe kama yule binti mwenye mtindio wa ubongo ambaye upande wa kulia haumtii. Kumbe kukanyaga ule mti ni kusimama kwa mguu mmoja! Unakanyaga, maji yanatoka, unainama kuyafuata, mguu unaachia, maji yanakata. Ukirudi kukanyaga, sabuni iko mchangani. Tulifika hatua 13 na kujikausha bado. Dawa ilikuwa kuchimbia nguzo ya kushika na kuning'iniza sabuni ndani ya soksi. Kwenye andalio huwezi kuliona hilo, maana andalio limeandikwa umekaa kwenye kiti.

2. Anzia mwisho. Suruali mpandishie mpaka karibu na kiuno, yeye amalizie kuivuta. Akishaweza, mwachie mapajani. Akiweza tena, magotini. Kila mara anayemaliza ni yeye. Ukianzia mwanzo, kila siku yeye anaishia njiani, wewe ndiye unayemaliza, halafu unashangaa kwa nini haipendi kazi hiyo.

3. Sauti yako inaingia kwenye kazi. Hapa nivumilieni, maana ndipo nilipoumbuka.

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na kijana wa bweni, haongei ila anasikia mno. Nikaamua nimfundishe kuoga mwenyewe. Hatua nilizikata, mwisho nilianzia, kila nilichoambiwa chuoni nilikifuata. Na kwenye kila hatua nilisema "haya". Mimi nikidhani namtia moyo. Yeye akaelewa kwamba kuoga kunahitaji maji, sabuni, kata na "haya". Anajimwagia, anasimama. "Haya." Anachukua sabuni, anasimama. "Haya." Mwisho tulikuwa tunakwenda vizuri kabisa, nami kwenye fomu nikajaza "ameweza" kutoka juu mpaka chini. Mthibiti ubora alipokuja nikamwonyesha, akanisifia mbele ya mwalimu mkuu, nikavimba kichwa wiki nzima.

Likizo ya Juni kijana akaenda kwao. Kwao ni nyanda za juu, na Juni ya huko mnaijua. Mama yake, kwa kuniamini mimi na fomu yangu, akamtengea maji ya uvuguvugu nyuma ya nyumba. Kijana akajimwagia. Mama akamwambia kama mama yeyote, "Haya baba, sabuni hiyo," akaenda kugeuza ugali. Ugali ukaiva, ukaepuliwa, watoto wadogo wakagawiwa. Aliporudi, mwanawe alikuwa amesimama palepale, sabuni mkononi, povu limemkaukia kifuani na kuacha michirizi myeupe, meno yanagongana, macho yameelekea mlango wa jikoni. Hakuwa amegoma. Alikuwa anasubiri kuruhusiwa kuendelea.

Shule zilipofunguliwa mama akamleta. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mahindi, akalalamikia nauli. Kunilaumu, hata kidogo. Alipokaribia kuaga ndipo akauliza, kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, lile neno la kumwendesha ni lipi? Nyumbani tumejaribu mengi, hasogei." Afadhali angenifokea. Yaani mtoto nilikuwa nimemfunga kwenye mdomo wangu, halafu nikamrudisha kwa mama yake bila mdomo.

Kuiondoa ile "haya" kulichukua muda mrefu kuliko kumfundisha kuoga. Nilibadilisha neno kuwa kidole kinachoonyesha sabuni, kisha kidole nacho nikakikunja, nikasimama nyuma ya bega lake asinione uso, kisha nje ya pazia. Ulimi ulikuwa unawasha. Ila niseme kweli, aliyemfungua hasa ni mpishi wetu. Alimwomba aende kumsaidia kusugua masufuria, na yule mama akiwa na uji wa shule nzima motoni hana muda wa kumwambia mtu haya. Alimpa dodoki na majivu, akageukia mwiko wake. Kijana akasubiri. Mama wa watu wala hakumwangalia. Akasubiri tena, akachungulia ndani ya sufuria, akaanza kusugua. Sufuria ilipong'aa akavuta nyingine mwenyewe. Na mshahara wa ualimu nachukua mimi!

Baadaye nikaja kusoma habari za Mmarekani Marc Gold, ambaye miaka ya 1970 alijulikana kwa kuwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli, kifaa cha vipande 15, na kingine cha vipande 24. Watu ambao wengine walikuwa wameshawakatia tamaa. Mbinu zake mbili zilinikalia kichwani. Ya kwanza, vipande vilipakwa rangi upande mmoja, ili mfanyaji ajue upi ukae juu bila kuelezwa. Ya pili, mfundishaji alisema machache sana: mtu akipatia, kimya, akikosea, anaambiwa tu ajaribu namna nyingine. Kimya chenyewe ndiyo alama ya vema. Nilipofika hapo nikafunga nilichokuwa nasoma, nikamkumbuka mpishi.

Kwa hiyo mpeni mtu nafasi. Hesabu moyoni mpaka 10 kabla ya kuingilia, na msaada wowote unaouweka, amua siku hiyohiyo utautoaje.

4. Kabla hujalaumu mikono, angalia miguu. Mwenye mtindio wa ubongo akining'inia kitini bila nyayo kugusa chini, mikono yote inashughulika kumzuia asianguke, na kijiko kitamwagika tu. Tofali moja chini ya miguu limewahi kufanya kazi ambayo mwalimu na kijiko cha mpini mnene walikuwa wameishindwa.

5. Vitu vya kweli, vya umri wake. Kijana ndevu zinaota, muhula wa tatu anapanga shanga za rangi. Shanga za nini? Kwao wanauza nyanya. Tulichukua sinia, tukachora miduara 4 kwa rangi, nyanya 1 kila duara, ya 5 inakaa juu katikati, fungu hilo. Kuhesabu hajui mpaka leo na mafungu hayakosei. Tatizo lake ni kwamba nyanya iliyopondeka anaila palepale, mchana kweupe mbele ya mteja, na bado hatujajua kama hilo ni kosa au ni biashara. Ndizi za plastiki zilizoko kabatini naomba muwapelekee watoto wa darasa la awali.

6. Fomu isiandikwe "anaendelea vizuri". Andika msaada aliohitaji: P kwa peke yake, I kwa ishara, N kwa neno, M kwa kushikwa mkono. Ningekuwa nimefanya hivyo, kijana wangu angekuwa na N kuanzia juu mpaka chini na aibu ningeipatia ofisini, si kwa mama wa watu.

7. Muulize mzazi kabla ya kufundisha. Kama kwao ni ndoo na kata, bomba letu linamfaa nani? Kama choo chao ni cha kuchuchumaa, usimzoeshe kukaa tu. Na usiulize kwa namna ya kumhoji. Kaa naye, chai ipite, atakwambia mwenyewe kwamba shida yake si vifungo, ni mtoto kutojua kurudi kutoka dukani.

8. Madogo madogo. Ukimwongoza kiziwi asiyeona, mkono wako uwe chini ya wake, usiwe juu. Mwenye kifafa asiachwe peke yake na jiko. Pazia la bafuni lishushwe kila mara na wasichana wahudumiwe na wanawake, hata kama mwanafunzi haonyeshi kujali.

9. Mabeseni. Ya bluu ni ya mikono, ya kijani ni ya vyombo, jekundu ni la matambara ya choo na linakaa nje. Ufunguo wa stoo anao matroni. Nimeona jana mtu kaweka matambara ya choo kwenye la kijani, na binti mmoja wa kitengo akayamwaga yote chini, akaambiwa ana utundu. Aliyekosea ni mwalimu. Mwombeni radhi Jumatatu, na mkishamwomba msiongeze "haya".