Somo anajibu: Hita ya marehemu mkwe

"Somo, mwaka wa saba huu nimeolewa, tunakaa Chukwani kwenye nyumba ya marehemu baba mkwe. Hita ya chooni aliifunga mwenyewe mwaka 2004. Siku hizi inapasha masaa matatu, uniti za umeme wa Tukuza zinayeyuka. Ikaanza kudondosha maji yanachafua vigae, nikamwita kijana akaiziba. Mume nikimwambia tununue mpya ananyamaza tu. Wifi yangu keshaweka ya lita 80. Na bi mkubwa, mamake mume, akiamka alfajiri anayamaliza maji ya moto yote. Nimechoka, nafikiria kurudi kwetu." Mchovu, Chukwani.

Pole, mwanangu. Kusi likivuma, maji ya tangi la juu ya paa hayana mzaha hata hapa kwetu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua nimeisoma mara mbili, na kilichonikaba si uzee wa hita. Ni hilo neno "akaiziba", umelipitia mbio kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Kaziba nini? Kama ni kile kivalvu kidogo kwenye bomba linaloingiza maji baridi, weka simu chini ukazime swichi ya hita sasa hivi. Mimi nipo, nakusubiri.

Umezima? Haya. Maji yakipata moto yanapanuka, na pale ndipo hita inapopumulia. Matone mawili matatu inapopasha ndiyo kazi yake. Umeiziba pumzi kwa ajili ya vigae! Siku thamostati, kile kidude kinachokata umeme maji yakishapata moto, ikikwama, tangi zima ni bomu, na anayeingia chooni wa mwanzo umenitajia mwenyewe: bi mkubwa. Sikwambii ulikusudia. Nakwambia hukumfikiria.

Na mumeo anajua kama imezibwa? Sidhani. Ungekuwa umemwambia, ungeniandikia alivyokujibu.

Sasa hita yenyewe. Lita 50 kuzipasha kunataka uniti mbili hivi, na hita ya kilowati 2 inazimaliza kwa saa moja na ushei. Masaa matatu ni ugonjwa. Funua birika lako la chai uchungulie chini: ule ukoko mweupe ni chokaa, maji ya visima vyetu yanapita kwenye jiwe la matumbawe. Ukoko huohuo ukiivaa koili inayopasha maji, inajipika mpaka inaungua. Ukiivaa thamostati, inachelewa kujua kwamba maji yameshachemka. Vyote viwili vinabadilishwa, na si kwa bei ya hita nzima. Ila ndani mna ufito wa magnesi unaokubali kuliwa na kutu badala ya tangi. Tangu 2004 nani kaubadilisha? Ukishakwisha, kutu inalianza tangi. Maji yakitoka mekundu, au tangi likilowa mwilini na si kwenye viungo, hapo hakuna fundi, hiyo ni maiti. Mtanunua.

Lakini mtanunua ya lita 50. Hizo 80 za wifi zinakula uniti tatu na zaidi kila zikipashwa, nanyi mpo watatu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ndoa za siku hizi, jamani! Mtu anaolewa na mume, halafu anaishi na macho yake kwa wifi: kaweka nini, kanunua wapi, kwao kuna ngapi. Sisi tuliolewa tukakuta kata na mtungi, tukaoga tukang'aa.

Mumeo humwelewi unapomwita bahili moyoni. Ile hita kaifunga babake kwa mkono wake, na wewe unamwambia "hilo kopo litoke". (Hukuliandika, lakini nawajua.) Na huyo bi mkubwa anayemaliza maji, kile kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima haina umeme, unadhani nani alimchemshia mumeo maji kwenye sufuria akaenda skuli msafi?

Kwenu usiende. Leo usiku, akishakula, mwambie habari ya valvu kabla hajaisikia kwa fundi. Umwambie "tumtafute fundi aifungue hita ya baba tuitazame", uone kama atanyamaza. Na fundi awe fundi umeme, si yule kijana. Mpaka aje, swichi isiguswe. Jiko la gesi unalo: alfajiri mtangulie bi mkubwa kuamka, umtilie sufuria moja kwenye ndoo, usingoje akuombe.