Ndiyo, Patton alishiriki Olimpiki

Je, Jenerali George Patton, kamanda wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, aliwahi kushiriki Olimpiki? Ndiyo, ni kweli. Ila hakuwa jenerali bado, alikuwa luteni kijana wa jeshi la Marekani. Ilikuwa Stockholm mwaka 1912, kwenye pentathloni ya kisasa, na alimaliza wa 5. Nafasi 4 za juu zote zilichukuliwa na Waswidi.

Mchezo wenyewe ulibuniwa kwa kumfikiria ofisa aliyekwama nyuma ya mstari wa adui: apande farasi asiyemzoea, apigane kwa upanga, apige bastola, aogelee, kisha akimbie. Ndiyo maana kwa miaka mingi washindi walikuwa wanajeshi watupu. Raia wa kwanza kutwaa dhahabu ya mtu mmoja mmoja alikuwa Lars Hall wa Uswidi, mwaka 1952.

Kilichomwangusha Patton ni bastola, kitu ambacho ungedhani mwanajeshi angekimudu. Wengi walitumia risasi ndogo za .22 (kipenyo kwa inchi), yeye akaja na bastola ya kijeshi ya .38, yenye risasi kubwa zaidi. Waamuzi walihesabu kwamba risasi yake moja ilikosa kabisa. Watetezi wake wanadai ilipita kwenye tundu lililokwisha tobolewa na nyingine. Hilo halikuthibitishwa, kwa hiyo msilibebe kama ukweli.