Kuulizia Afya ya Mwanasiasa Mzee Si Kumwombea Mabaya

Mwanzoni mwa Oktoba 2025 mjomba wangu aliandika swali moja kwenye kikundi chetu cha familia cha WhatsApp: "Huyo mzee wenu, hali yake ikoje kweli?" Mzee aliyemuulizia ni Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wa Kenya kwa miaka mingi. Uvumi ulikuwa umetapakaa Nairobi nzima, kwenye matatu, kwa kinyozi, sokoni, kwamba anaumwa sana huko nje. Nilimjibu mjomba papo hapo, tena mbele ya ukoo mzima, kwamba amekuwa akimwombea kifo tangu 2007, basi aendelee kungoja. Hakunijibu. Jumatano tarehe 15, asubuhi, Raila alianguka akiwa matembezini huko Kerala, India, alikokuwa amekwenda kwa matibabu, na moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 80.

Nimelibeba jibu langu lile tangu siku hiyo. Naandika kwa ajili ya yeyote aliye na nyumba kama yetu, ambayo baba anampenda mwanasiasa fulani mzee kupita kiasi, mjomba hataki hata kumsikia, na wewe uko katikati na simu mkononi. Leo ni huyu, kesho atakuwa mwingine, maana wazee katika siasa zetu hawajaisha, na ugomvi juu yao haujaisha.

Kwetu neno "Baba" lilikuwa la Raila. Baba yangu mzazi tulimwita mzee. Mzee alikuwa fundi wa magari, akatulea mtaa wa Kaloleni, Nairobi, na Jumapili alikuwa akishuka hadi bustani ya Jeevanjee kusikiliza watu wakijadiliana siasa kwenye Bunge la Mwananchi, anarudi sauti imekauka. Alimpigia Raila kura ya urais mara zote tano: 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Mama ni wa Nyeri. Mjomba, kaka yake, alikuwa mtu wa Mwai Kibaki, rais aliyeshindana na Raila 2007, hadi kwenye mifupa. Lakini mwanzo wa 2008, mtaa aliokuwa akiishi ulipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, alilala sebuleni kwetu karibu wiki tatu, na aliyekwenda kumchukua usiku alikuwa mzee. Hilo nalitaja kwa sababu nililisahau siku ile nilipokuwa nikiandika jibu langu.

Kwa nini swali la afya linatuchoma hivyo? Kwetu kutaja ugonjwa wa mkubwa ni uchuro, na woga huo una historia. Mwaka 1976, Jomo Kenyatta akiwa amezeeka na wanasiasa wakianza kubishana nani atamrithi, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba hata kuwaza kifo cha rais ni kosa la jinai. Miaka miwili baadaye, 22 Agosti 1978, Kenyatta alifariki Mombasa. Mzee anasema siku hizo watu walikuwa wakiuliza kwa macho. Sheria ile haitajwi tena, lakini tabia imebaki: mtu akiuliza, tunamwona mchawi.

Halafu kuna jambo la pili, ambalo mimi ndilo lililonipata. Mwanasiasa akiugua na kupona mara kadhaa, wanaompenda huanza kuamini kwamba hatakufa. Kibaki alipata ajali ya gari Desemba 2002 akitoka kwenye kampeni, akapelekwa London, Raila, aliyekuwa upande wake wakati ule, na wenzake wakamalizia kampeni bila yeye, na tarehe 30 mwezi huohuo akaapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wiki chache baadaye alilazwa tena. Walikuwapo waliompa miezi. Akatawala hadi 2013 na akaishi hadi 2022, akifa na miaka 90. Raila naye alifanyiwa upasuaji wa kichwa 2010 akiwa waziri mkuu, akaenda Dubai kufanyiwa wa mgongo 2020, akalazwa kwa korona 2021. Kila mara mtaa ulinong'ona kwamba safari hii amekwisha, na kila mara alirudi jukwaani akapiga kitendawili. Mzee alikuwa akinigonga begani: "Umeona?" Nami nikaona hivyohivyo. Basi uvumi wa Oktoba ulipokuja niliuweka kwenye kapu moja na ule wa miaka yote. Sikuuliza lolote, nilikuwa nikimlinda mtu ambaye hakuhitaji ulinzi wangu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: mtu akikuuliza hali ya kiongozi wako, mjibu unachokijua, na kama hujui sema hujui. Usimpe nia ambayo hajaitamka. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua, na hawakumsema mgonjwa peke yake, walisema na waliomzunguka.

Kuhusu habari zenyewe, nimejifunza kuzisoma polepole. "Yuko salama, anapumzika" ni maneno ambayo yanaweza kuwa kweli na yanaweza kuwa pazia, na wewe uliye Kaloleni au Kawangware huna namna ya kujua kwa kuyatazama tu. Uliza ni nani aliyeyasema kwa jina lake. Uliza sauti yake mwenyewe imesikika lini mara ya mwisho, na ile picha inayozungushwa ilipigwa lini. Nimeshatumiwa picha ya miaka miwili nyuma ikisemwa ni ya jana. Na ukishauliza hayo usipopata jibu, acha hapo. Usisambaze picha ya mtu akishikwa mkono kushuka ngazi. Mimi nimewahi kusambaza ya mwanasiasa wa upande mwingine, nikaweka na kicheko. Yule naye ana watoto na wajukuu wenye simu.

Hapa watu wengi huniuliza: je, si haki yetu kujua? Ni haki, lakini inategemea mtu ameshika nini. Rais ameshika nchi. Katiba ya 2010, kifungu cha 144, imeweka njia kamili kama akishindwa kufanya kazi kwa sababu ya mwili au akili: hoja bungeni ikiungwa mkono na angalau robo ya wabunge, kisha ikipitishwa na zaidi ya nusu ya wabunge wote, Jaji Mkuu anateua jopo la watu watano, watatu kati yao madaktari, mmoja wakili, na mmoja anayependekezwa na rais mwenyewe au jamaa yake. Wana siku 14 za kutoa ripoti. Naipenda sehemu hiyo ya Katiba kwa sababu inalitoa jambo midomoni mwa watu na kulipeleka kwa madaktari. Kiongozi wa chama asiye serikalini hana kifungu kama hicho, na kifungu cha 31 kinamlinda faragha yake kama kinavyokulinda wewe. Lakini chama chake kina deni kwa wanachama. Si lazima waseme ana ugonjwa gani. Ni lazima waseme nani anashika kazi akiwa hayupo.

Na umri? Mtumishi wa serikali hapa kwetu hustaafu akiwa na miaka 60, jaji 70, mwanasiasa hana kikomo. Rafiki zangu wengi wa rika langu wanataka kiwekwe. Mimi siko pamoja nao. Rais Paul Biya alichaguliwa tena Cameroon Oktoba hiyohiyo ya 2025 akiwa na miaka 92, na huko Marekani Joe Biden aliacha kugombea Julai 2024 akiwa na 81 baada ya watu kumwona akikwama kwenye mdahalo. Miaka peke yake haikuambii kitu. Kinachokuambia ni kama mtu anafanya kazi yake mwenyewe au wanaifanya wengine kwa jina lake. Huko ndiko pa kuangalia: nani anajibu maswali, nani anatia sahihi, nani anamkatiza mgeni anapotaka kuzungumza naye peke yake. Wazee wengi wa ukoo tumewaona wakiwekwa mbele ya kikao hivyo, wengine wakisema "mzee amesema" na mzee hajafungua kinywa.

Nije kwenye jambo lililonigusa zaidi. Mwaka 2024 nilimkasirikia Raila. Tarehe 25 Juni vijana waliandamana hadi Bunge, wengine hawakurudi nyumbani, na wiki chache baadaye watu wa chama chake waliingia baraza la mawaziri la Rais William Ruto. Machi 2025 yeye na Ruto walitia sahihi makubaliano ya kushirikiana pale ukumbi wa KICC, Nairobi. Mimi na mzee tuligombana vikali kuliko wakati wowote maishani mwetu. Yeye alisema Baba ameokoa nchi isiungue, kama alivyofanya 2008 na 2018. Mimi nilisema ametuuza. Lakini kila nilipoishiwa hoja nilirukia mwili wake: tazama anavyotembea, sikia sauti ilivyokuwa nzito, amezeeka huyo, hajui anachofanya.

Sikiliza, ndugu msomaji. Ukimwambia kiongozi amezeeka ilhali unachopinga ni uamuzi wake, unamsamehe bila kujua. Raila alijua alichokuwa akifanya. Alikuwa ameshafanya maridhiano na marais Moi, na Kibaki, na Uhuru Kenyatta, kabla nywele zake hazijawa nyeupe zote. Kama uamuzi ule ulikuwa mbaya, na mimi bado naona ulikuwa mbaya, ungekuwa mbaya hata kama angeufanya kijana wa miaka 35. Ukishambulia goti lake linalotetemeka, uamuzi unapita bila kuhojiwa, na baba yako mwenye magoti kama hayo anasikia kwamba unamzungumzia yeye. Mzee wangu ana miaka 76. Jioni moja aliniambia, "Mimi naye nimezeeka, mama. Nisiongee?" Sikuwa na jibu, nikaenda jikoni.

Asubuhi ile ya tarehe 15 simu ya kwanza kuita ilikuwa ya mjomba. Hakutaja nilichomwandikia. Alisema, "Shemeji amejua? Usimwache peke yake na redio. Ana presha." Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniuliza wiki ile: alikuwa akimwazia mzee.

Nilipanda bodaboda hadi Kaloleni. Nilimkuta ameshasikia, amekaa kwenye kiti chake, redio imewashwa kwa sauti ya chini. Kama siku yako itafika, na kwa wengi itafika, fanya haya. Fika mwenyewe, usipige simu kama unaweza kufika. Zima redio. Sema jina na neno lenyewe, amefariki, bila kuzunguka, kwa sababu mzee aliyeambiwa "hali si nzuri" ataendelea kutumaini hadi jioni na ataumia mara mbili. Hakikisha amekula, amemeza dawa. Halafu nyamaza, mwache aseme. Mzee alisimulia kuanzia 1982, Raila alipokamatwa na baadaye kuwekwa kizuizini, hadi saa saba mchana. Nilikuwa nimeyasikia yote. Nikayasikiliza tena.

Alhamisi alitaka kwenda kuupokea mwili. Nilimzuia, na tulizozana, lakini sijutii: umati ulikuwa hauna mwisho, mwili ukahamishiwa uwanja wa Kasarani, risasi zikapigwa na watu wakafa. Usimpeleke mzee mwenye presha kwenye umati wa aina hiyo kwa sababu tu unaona haya kumkatalia. Ijumaa tuliangalia ibada ya mazishi ya uwanja wa Nyayo kwenye runinga, majirani wamejaa hadi mlangoni. Mjomba aliingia akiwa na mkate na kilo mbili za sukari, akapeana mkono na mzee, wakashikana muda mrefu. Nilimfuata nje alipotoka kuvuta hewa. "Mjomba, nisamehe kwa yale niliyokuandikia." Akasema, "Mimi sikumpenda, mwanangu, unajua. Lakini aliyekuja kunichukua usiku ule alikuwa mtu wake."

Baada ya maziko ya Bondo, kwao Raila, Jumapili ile, niliona mzee akivua viatu kwa shida. Miguu ilikuwa imevimba. Nilimuuliza moja kwa moja tangu lini. Akasema tangu Agosti. Alinyamaza kwa sababu, kwa maneno yake, tungeanza kumhesabia siku na kumnyang'anya ufunguo wa nyumba. Nilimwahidi kwamba ufunguo ni wake. Jumanne tukaenda kliniki, dawa zikabadilishwa.

Sasa kuna daftari la shule mezani kwake, karibu na redio, na kila asubuhi anaandika namba za presha kwa kalamu nyekundu. Jumapili jioni mjomba hupiga simu na kuanza na hizo: "Shemeji, nisomee za wiki hii." Mzee huvaa miwani na kumsomea zote saba.