Dishi la mota: tafuta kaskazini kwa kivuli, achana na dira

Wenzangu mnaojaza paa madishi matatu ili mpate setelaiti tatu, dishi moja la kuzunguka linatosha. Unabonyeza rimoti, dishi linaondoka kwenye setelaiti ya nyuzi 7 mashariki linakwenda hadi ile ya 68.5, na wewe umekaa sebuleni. Ila maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Mimi niliyafuata hapa Tanga, yakanipotezea wikiendi mbili nzima.

Vifaa vyangu ni dishi la wavu la futi 6, stendi ya kuzunguka, jeki ya umeme ya inchi 24 (mafundi wengine huiita aktueta), risiva ya kawaida, na kisanduku cha V-Box. Risiva inatuma amri za DiSEqC 1.2 (lugha ya risiva ya kuendesha mota) kupitia waya uleule wa LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. V-Box inazipokea na kuipa jeki volti 36. Jeki ina waya nne: M1 na M2 ni za mota, mbili zilizobaki ni za sensa. Sensa ni swichi ndogo ya sumaku inayohesabu mizunguko, basi. V-Box haijui setelaiti iko wapi, inajua hesabu tu. Dishi likienda mashariki ulipobonyeza magharibi, badilishana M1 na M2. Halafu, kabla ya kutafuta setelaiti yoyote, weka vikomo vya pande zote mbili, maana jeki ina nguvu ya kupinda stendi ikigota kwenye nguzo.

Tuje kwenye kiini cha tatizo. Maelekezo yale yanasema elekeza dishi kusini, kamata kwanza setelaiti iliyo juu kabisa, nyingine zitafuata. Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, longitudo 39 mashariki. Mstari wa setelaiti unapita karibu na utosi wetu, umeegemea kaskazini kidogo. Setelaiti ya nyuzi 36, ile ya DStv, iko nyuzi 83 kutoka usawa wa ardhi, kwa hiyo dishi linalala chali kama bakuli.

Setelaiti iliyo utosini haikuambii kama stendi imegeuka upande. Nilitumia dira ya simu, nimesimama hatua mbili kutoka kwenye mabati. Nyuzi 36 ikaja na mawimbi mazuri sana, nikamwita mke wangu aje aone. Kisha nikalipeleka dishi 68.5: hakuna kitu. Nikalirudisha hadi 7: hakuna kitu. Kosa la stendi kugeuka, ukiwa katikati, jeki inalifidia kwa kusogea kidogo tu, hivyo unaona kila kitu kiko sawa. Ukweli uko kwenye ncha.

Kaskazini nikaja kuipata kwa fito. Niliisimamisha wima kwenye ardhi tambarare, nikafunga kamba chini yake na kuchora duara kwa msumari. Kama saa 4 na nusu asubuhi ncha ya kivuli ikagusa duara, nikachomeka njiti. Kivuli kikafupika, kikaanza kurefuka tena, na saa 8 na robo kikagusa duara upande wa pili. Njiti ya pili. Kamba kati ya njiti hizo ndiyo mashariki na magharibi, na mstari unaoikata kwa pembe mraba ndio kaskazini halisi. Dira ilikuwa imenidanganya nyuzi 6.

Mengine ni haya. Nguzo iwe wima kabisa, pima kwa pimamaji pande mbili, tena baada ya zege kukauka. Mhimili wa stendi ulale kaskazini na kusini, ncha ya kusini ikiinuliwa nyuzi 5, sawa na latitudo yetu. Kisha dishi lenyewe liinamishwe kaskazini zaidi, kwa nyuzi 0.9. Huko London kiasi hicho ni karibu nyuzi 7 na nusu, kwa hiyo usinakili namba ya mtu. Stendi yangu ilikataa kushuka hadi nyuzi 5, ikabidi fundi wa kuchomelea aongeze kipande cha bapa.

Kurekebisha ncha kunahitaji watu wawili. Mmoja asukume ukingo wa dishi taratibu kuelekea kaskazini, kisha kusini, mwingine aangalie kipimo cha mawimbi. Ikiwa mashariki panataka kaskazini na magharibi panataka kusini, geuza stendi yote kwenye nguzo. Ikiwa ncha zote mbili zinataka upande mmoja wakati katikati pako sawa, gusa mwinamo. Pima kwa Ku-band, yaani mawimbi mafupi, kwa sababu jicho la dishi la futi 6 lina upana wa nyuzi 1 tu huko. Kwa C-band, yenye mawimbi marefu zaidi, ni karibu 3, nalo litakusamehe makosa ambayo hukutaka yasamehewe.

Na kuna kipimo cha bure ninachokipenda kuliko vyote. Kama Machi 22 na Septemba 20 jua linapita kwenye njia ileile ya setelaiti tunayoiona sisi. Siku hiyo endesha dishi lifuate jua tangu asubuhi. Kivuli cha LNB kikibaki katikati ya dishi hadi alasiri, umepatia. Dishi la bati linalong'aa usiliache limelikodolea jua muda mrefu, litaunguza LNB.

Dishi la bati pia litobolewe katikati, la sivyo masika litakuwa karai. Jeki ivishwe mpira wa tyubu ya baiskeli, kwani hewa ya chumvi hapa iliniozeshea sensa ya kwanza ndani ya mwaka. Umeme ukikatika dishi likiwa njiani, hesabu hupotea na setelaiti zote huhama kwa kiasi kilekile. Usifute kumbukumbu. Chagua setelaiti moja unayoijua, sogeza polepole mpaka picha irudi, kisha kwenye menyu ya DiSEqC 1.2 agiza risiva ihesabu upya. Nyingine zote zitarudi mahali pake.