Hatukuja Kumzika Mwalimu, na Sababu Si Nauli

Kuna sauti ya dakika nne inazunguka kwenye simu, ya kaka mmoja wa Tanga, kuhusu msiba wa Mwalimu wetu wa shule. Anauliza: Mwalimu ana wanafunzi wangapi Marekani? Wote wana magari, wote wanapiga picha kwenye theluji, imekuwaje hata mmoja asije kutia mchanga kaburini? Anamalizia kwamba nauli ni mshahara wa wiki moja tu kwa mbeba boksi, yaani kibarua wa huku ughaibuni. Kaka, shikamoo kama umenizidi umri. Nakujibu, na si kwa upole wote.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mungu amrehemu, alikuwa akitoa maksi za njia. Jibu likikosewa lakini njia ikaonekana, ulipata mbili kati ya tatu. Jibu likiwa sahihi bila njia, ulipata yai na swali juu yake: umemchungulia nani? Basi naandika njia, jibu mtalipima wenyewe.

Nianze na saa. Kati ya Tanga na Columbus, Ohio, tofauti ni saa 7 majira ya joto na saa 8 majira ya baridi. Mtu akifariki Alfajiri Tanga, Columbus ni saa nne usiku wa jana yake. Akizikwa baada ya Alasiri, huku ni saa tatu asubuhi, na aliye zamu ya usiku ghalani ndiyo kwanza anavua glavu na kuwasha simu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Marekani hadi Dar es Salaam. Unaunganisha mara mbili ukitokea mji kama huo, kisha kuna kilomita kama 350 za barabara mpaka Tanga. Mambo yote yakinyooka, ni siku nzima na kipande. Kwa hiyo hata mwenye kila kitu mkononi angefika kwenye matanga, si kwenye jeneza. Hilo kaka hukulisema, na unalijua, maana kwetu maiti halazwi.

Lakini saa si kidonda. Kidonda ni makaratasi.

Aliyeingia kwa viza ikamwishia akabaki, sheria ya mwaka 1996 inamhesabia siku. Zikizidi 180 bila kufika mwaka, akitoka anafungiwa mlango miaka 3. Zikifika mwaka au zaidi, miaka 10. Sikilizeni vizuri neno "akitoka". Akikaa kimya, kifungo hicho hakimgusi. Kinachomfungia ni safari yenyewe, hata iwe ya kwenda kuzika. Ana watoto wawili shule ya msingi pale Columbus, wewe unamwambia akate tiketi.

Aliyejilipua, yaani aliyeomba hifadhi, kesi yake ikiwa bado haijaamuliwa, akitoka bila kibali cha kurudi anahesabiwa kwamba ameitupa. Akipata kibali halafu akaenda nchi ileile aliyosema anaikimbia, napo anahesabiwa ameitupa mpaka atoe sababu nzito inayokubalika. Na wapo, tusidanganyane, waliojilipua kwa nchi isiyo yao. Mzaliwa wa Ngamiani, Tanga mjini, kwenye faili ni mtu wa Burundi. Huyo picha moja ya Tanga, amebeba jeneza na kofia yake ya viua, inaweza kumla mzima. Simtetei. Nasema tu kwamba mnapouliza yuko wapi, mnamuuliza mtu asiyeweza kujibu hadharani, na mkimchapa sana kwa maneno mtamsukuma ajibu kwa miguu.

Anayesubiri grini kadi akiwa ndani ya Marekani ana fomu yake I-485 mezani. Akitoka bila kibali cha kurudi, ombi limekufa. Wenye viza za kazi za H-1B na L-1 wana unafuu wao, wengine wengi hawana. Kibali huombwa kwa fomu I-131, na jibu lake ni la miezi. Ipo njia ya dharura. Unapiga simu kituo cha huduma cha idara ya uhamiaji, unaomba miadi ya haraka kwenye ofisi ya karibu, unakwenda na I-131 iliyojazwa, ada, risiti ya ombi lako linalosubiri na ushahidi wa msiba. Ushahidi ukiwa kwa Kiswahili lazima uambatane na tafsiri ya Kiingereza, na mtafsiri asaini kwamba anazimudu lugha zote mbili na hakuacha kitu. Hata ukikipata, kibali hicho hakikuhakikishii kuingia. Anayeamua ni ofisa wa uwanja wa ndege siku unaporudi.

Sasa ofisa wa miadi anasoma karatasi zako, anainua macho: marehemu ni nani wako?

Hapo ndipo kalamu inapogoma. Ni mwalimu wangu. Aha, mwalimu. Ni mtu aliyekufundisha logi ya 2 ni 0.3010 mpaka ukaiota, akachora duara ubaoni kwa kamba na kipande cha chaki kwa sababu bikari ya mbao ilivunjika na shule haikununua nyingine. Baada ya mtihani wa kidato cha nne akaacha kukuita kwa jina la ukoo kama lilivyo kwenye daftari la mahudhurio, akaanza kukuita "sheikh wangu". Alisimama upande wako siku ya posa. Alifuatilia matokeo yako na muhuri wa shule kwenye bahasha iliyofungwa, mara tatu, kwa nauli yake. Kwa Tanga huyo ni mzazi, hata mwenye duka anajua. Mbele ya ofisa, baba anaeleweka, mama anaeleweka, mume, mke, mtoto. Mwalimu inabidi umweleze. Rafiki wa miaka thelathini naye vivyo hivyo.

Kazini ni hivyo hivyo. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kukulipa hata siku moja ya msiba. Kampuni zinazotoa, kwa kawaida hutoa siku 3, za ndugu wa damu na wa ndoa. Uingereza msidhani ni pepo: ukitoka nje wakati ombi lako la kuongeza muda halijajibiwa, linahesabiwa umeliondoa mwenyewe.

Najua mnalofikiria: si aseme tu ni baba yake? Asiseme. Majina ya wazazi yameshaandikwa kwenye I-485, na mwombaji wa hifadhi ameandika kwenye fomu yake, I-589, kama wazazi wake wako hai au wamefariki. Uliandika baba amefariki, leo unamleta afe tena? Baba hafi mara mbili kwenye faili moja. Uongo huo ukishikwa hauharibu safari tu, unaharibu ombi zima.

Haya, wenye grini kadi safi na paspoti za bluu, ninyi sina la kuwatetea. Mngeweza kufika siku ya tatu. Mwenye paspoti ya Marekani, kumbuka Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo kwa kawaida unaingia kwenu kama mgeni, kwa viza ya dola 100. Lipa, uende. Ila uliyepata grini kadi kupitia hifadhi, usiende kabla ya kuongea na mwanasheria, kwa sababu safari ya kurudi ulikokukimbia inaweza kufukua faili lililolala. Nimesema nendeni, sasa nasema msiende. Ndivyo maisha ya huku yalivyo, kila ushauri una mwenyewe.

Lililo mikononi mwetu sote ni sala ya ghaibu. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya mwambao, yanairuhusu kwa maiti aliye mji mwingine, hata akiwa ameshazikwa. Ni takbira nne, hakuna rukuu wala sijida: baada ya ya kwanza Alhamdu, ya pili kumsalia Mtume, ya tatu dua ya maiti, ya nne dua fupi kisha salamu. Sharti mnalosahau ni kwamba maiti awe ameshaoshwa, kwa hiyo ninyi mlioko huko tutumieni neno moja tu, "ameoshwa", kabla ya picha zozote. Na ninyi mlioko huku, msikasirike imamu wa msikiti wa karibu akikataa. Hanafi na Maliki hawaikubali, na misikiti mingi ya Marekani ina watu wa Hanafi. Hakuwadharau. Tafuteni msikiti wa Wasomali, wao ni Shafi kama sisi, au simameni wanne sebuleni. Nanyi wa nyumbani mkisikia tumemsalia Mwalimu kwa ghaibu, msicheke kwamba walioghibu ni sisi. Tumeshajicheka.

Pesa. Hapa nina ugomvi na pande zote. Msichange kwa namba tano za simu. Namba iwe moja, ya mtu mmoja, na jina la akaunti lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho chake, maana pesa ya kwanza kwa mpokeaji mpya mara nyingi husimamishwa ikaguliwe, na jina likipishana hairuki. Anayetuma aongeze ya kutolea, la sivyo mnamkata mjane. Tangu Januari 2026 anayelipia muamala kwa pesa taslimu Marekani hukatwa asilimia 1 ya serikali. Ukilipia kwa kadi ya benki ya hukuhuku Marekani hukatwi. Basi acheni kupanga foleni dukani na noti.

Na msitume zote siku ya kwanza! Pesa ya siku ya kwanza inageuka pilau. Ikipatikana dola 1,000, dola 300 zinatosha kusaidia mazishi na hitima, maana jirani naye analeta. Dola 700 zibaki. Mkewe Mwalimu ana eda ya miezi minne na siku kumi, ndani, na pensheni ya marehemu haiji kesho. Gawanyeni kwa miezi hiyo, zifike tarehe moja kila mwezi, bila kuulizwa. Najua kukaa na pesa za watu si vizuri. Hizi kaeni nazo.

Kuna kazi nyingine ambayo pesa ya huku inafaa kuliko ubani: makaratasi yake yeye. Kibali cha mazishi kisipotee, ndicho kinachofungua cheti cha kifo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Alifia nyumbani? Anzeni na barua ya mtendaji wa mtaa. Angalieni jina kabla halijachapwa. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Saidi, kwenye faili la utumishi ni Said, kwenye cheti cha ndoa ni Seif: hapo PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watarudisha faili, na mtatafuta wakili wa kiapo cha majina. Kisha kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini, na mahakama ya mwanzo kwa ajili ya msimamizi wa mirathi. Kila hatua ina nauli na fotokopi. Mama hawezi kwenda mwenyewe akiwa edani, kwa hiyo mchagueni kijana mmoja mwenye subira, tumlipie siku zake. Simwamini anayesema atafanya bure. Wa bure huchoka dirisha la pili.

Mwisho, simu. Mlioko huku mmejazana kumpigia mjane wiki ya kwanza, wakati nyumba imejaa wanawake na yeye hasikii hata anaongea na nani. Nilitaka kusema muacheni apumzike, lakini hapana, msimwache: ila pangeni zamu. Baada ya Isha Tanga, huku ni saa saba mchana majira ya joto, saa sita majira ya baridi. Ndiyo mapumziko ya chakula ya kazi nyingi, dakika 30. Anzeni siku ya kumi, mikeka ikishakunjwa. Atakuuliza makaratasi yamefikia wapi, kama Mwalimu alivyokuwa akiuliza. Mjibu ukweli.