Piga Windows mwenyewe bila kuazima macho

Programu ya kusakinisha Windows siku hizi inasemeshwa vizuri tu. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2017, Creators Update, Narrator, kisoma skrini cha Windows kinachosoma kwa sauti, imo ndani yake: ukurasa wa kwanza ukifunguka, bonyeza Control, Windows na Enter kwa pamoja, nayo itaanza kusoma. Wengi wetu tusioona hukwama kabla ya hapo, kwenye sauti isiyotoka na kwenye menyu ya kuwashia kompyuta (ile ya kuchagua iwakie diski au flashi ipi), ambayo ni bubu.

Tuanze na sauti. Usakinishaji unaendeshwa na Windows ndogo iliyobeba draiva chache (programu za kuendeshea vifaa), na mara nyingi draiva ya sauti ya laptop yako haimo. Narrator inaweza kuwa inasoma kila kitu, ila haina pa kutokea. Dawa ni kadi ndogo ya sauti ya USB au hedifoni za USB, zile za kawaida zinazocheza papo hapo zikichomekwa, bila kudai draiva yoyote. Zijaribu kwanza kwenye kompyuta nyingine, kisha zichomeke kabla hujawasha mashine. Hedifoni za Bluetooth hazitakusaidia hapa. Ukiniuliza ununue nini kabla ya kingine chochote, ni hiki.

Menyu ya kuwashia inaweza kukwepwa kabisa kama Windows ya zamani bado inafunguka. Pakua faili la ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia, kutoka Microsoft (ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo pangia bando lako), bonyeza Enter juu yake lifunguke kama diski, kisha endesha setup.exe huku NVDA, kisoma skrini cha bure, ikikusomea. Ukifika penye swali la vitu vya kubakiza, chagua "Nothing". Hakikisha umeshahamisha mafaili yako.

Ukitaka kufuta diski nzima, utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Itengeneze kwa Media Creation Tool ya Microsoft, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika. Wanaonakili ISO kwa mkono kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 hukwama kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na install.wim, faili kubwa kuliko yote ndani ya ISO, mara nyingi huvuka hapo. Flashi ikishakuwa tayari, weka humo pia kisakinishi cha NVDA na draiva za Wi-Fi na sauti za mashine yako.

Kisha, ukiwa bado kwenye Windows ya zamani, bonyeza Windows na R, andika shutdown /r /o /t 0, Enter. Kompyuta itajizima na kurudi kwenye menyu ya matengenezo, ambako Control, Windows na Enter huamsha Narrator vilevile. Chagua "Use a device", kisha flashi yako. Windows ikiwa imekufa kabisa, hapo ndipo utagusa kitufe cha menyu ya kuwashia: Dell na Lenovo nyingi hutumia F12, HP F9. Kigonge mfululizo tangu unapowasha, na baadhi ya laptop hudai ushikilie Fn pia. Menyu hiyo isomwe na simu. Programu ya Seeing AI, ambayo imekuwepo Android tangu Desemba 2023, husoma maandishi ya skrini ikielekezewa kamera. Ile ya Be My Eyes hukuunganisha na mtu anayeona.

Ukurasa wa kuhofia ni ule wa patisheni, yaani vipande vya diski. Chomoa diski zote za nje kabla hujafika, ubakize flashi tu; hiyo nayo itatokea kwenye orodha, na namba za diski si za kuamini. Amini ukubwa. Mashine ya GB 256 itatajwa kama GB 238 hivi, flashi ya 16 kama 14 na ushee. Shuka kwa mishale, sikiliza mstari mzima mpaka mwisho, ndipo ufute. Futa patisheni za diski hiyo moja mpaka ibaki nafasi tupu, kisha endelea. Windows itajigawia yenyewe.

Orodha ikiwa haina diski ya ndani, usidhani imekufa. Laptop nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huificha nyuma ya mfumo uitwao VMD. Pakua mapema draiva ya Intel RST, inayoiwezesha Windows kuiona diski hiyo, ifungue iwe folda ya mafaili, iweke kwenye flashi, na hapa uchague "Load driver". Ukiiacha ikiwa .exe, haitaonekana.

Mashine ikijizima na kuwaka mara ya kwanza, chomoa flashi. Usipoichomoa unaweza kurudishwa mwanzo kabisa, na utajua ukisikia Narrator ikiuliza lugha upya. Subiri, halafu iamshe tena kwa vitufe vilevile kwenye maswali ya mwisho. Windows 11 Home hapo inadai intaneti, na Wi-Fi huenda haina draiva bado. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio yake washa kugawa intaneti kwa USB; kwa kawaida Windows huipokea bila draiva ya ziada. Ukifika desktop, endesha kisakinishi cha NVDA. Kinaanza kuongea chenyewe, na sauti yake ya eSpeak NG iliyomo ina Kiswahili.

Laptop za mtumba zisizo na TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama cha ndani, hazitimizi masharti ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hizo, ningeweka Debian, mfumo wa bure wa Linux. Menyu yake ya kuwashia hulia mlio mmoja kwenye mashine za BIOS (mfumo wa kuwashia wa zamani) na miwili kwenye UEFI (ule mpya). Ukiusikia, bonyeza s, kisha Enter. Maswali yote yanakuja kwa namba, unaandika namba na kubonyeza Enter. Ikikuta kadi za sauti zaidi ya moja, itaongea kwa kila moja kwa zamu: bonyeza Enter pale unapoisikia.