Barua kwa Mwanangu: Rangi za Pono

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako imefika, nami nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza peke yangu barazani, mara ya pili kwa sauti ili mamako asikie. Umeeleza kwamba ile picha ya samaki wa kijani mwenye mashavu ya waridi, aliyoichora nduguyo, umewaonyesha wenzako wa kazini huko Dar es Salaam, wakataka kujua nduguyo amefundishwa na nani. Nawe ukaniuliza mambo mawili: je, rangi zile anaziona au anazibuni, na je, haujawadia wakati wa kumtafutia mwalimu wa kumnyoosha mkono?

Kuhusu rangi, hata mimi kwa miaka mingi niliamini kwamba anabuni. Utakumbuka nilipokuwa karani bandarini nilivyokuwa nikimletea karatasi za hesabu za shehena zilizoandikwa upande mmoja, naye akijaza upande wa pili samaki, kaa na majani ya mikoko, na mimi nikiwaambia wageni, kwa kicheko ambacho leo nakionea haya, kwamba usonji, hali aliyozaliwa nayo, umemchanganyia rangi kama ulivyomchanganyia maneno. Mimi mzaliwa wa Mombasa, samaki huyo aitwaye pono nilimjua kwa msemo wa watu wanaolala kama pono, na nilimjua kikaangoni. Basi.

Kisha siku moja ya maji bamvua, bahari ilipokuwa imekupwa hadi mwambani, nilimfuata nduguyo hadi ufuo wa Nyali. Alichuchumaa kando ya kidimbwi kimoja muda ambao mimi ningesali Adhuhuri na kunywa kahawa vikombe viwili, asiguse kitu, asiseme neno. Karibu yetu mvuvi alikuwa akitoa samaki katika dema lake, na miongoni mwao akatoka pono mzima, anapiga mkia: kijani kibichi, mashavu ya waridi, na mstari wa samawati juu ya mdomo. Mwanangu, nilikuwa nikimtazama samaki wa karatasi za bandarini. Tulipofika na samaki yule ufukoni alikwisha kufa, na rangi ilikuwa imeanza kumtoka, anakaribia kuwa yule wa kijivujivu ninayemnunua sokoni kila siku. Nilichokuwa nikikiita rangi ya pono ni rangi ya maiti yake.

Mvuvi yule akaniambia jambo jingine, kwamba pono wa rangi ya udongo na huyu wa kijani huweza kuwa samaki wa aina moja. Baadaye nilisoma kwamba ndivyo ilivyo: katika aina nyingi za pono, wengi huanza maisha wakiwa majike wenye rangi iliyopooza, kisha baadhi yao hugeuka kuwa madume na kuvaa kijani na samawati. Niliporudi nyumbani nilifungua sanduku la karatasi zake, nikawakuta wote wawili wamechorwa ubavu kwa ubavu, umbo moja, rangi mbili, na katikati yao wa tatu ambaye nusu yake ni udongo na nusu ni kijani. Nilikuwa nimemwona huyo wa katikati zamani, nikadhani kalamu ilimwishia wino.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimkagua, kwa tabia ya ukarani ambayo haikunitoka hata baada ya kustaafu. Unajua pale Bamburi, ambapo mwaka 1971 mwanamazingira Rene Haller alianza kupanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji, na majani yake makavu yalipokuwa hayaozi, wakaletwa jongoo wayale na kuyageuza kuwa udongo. Nduguyo hatazami twiga wa hifadhi iliyoota pale, anatazama jongoo. Katika mchoro wake mmoja wa jongoo mwenye miguu myekundu nilihesabu jozi mbili za miguu katika kila pingili, lakini nyuma ya kichwa pingili moja haikuwa na mguu wowote, na tatu zinazofuata zilikuwa na jozi moja moja. Nikasema leo nimemkamata. Nikaenda kusoma, na jongoo ndivyo alivyoumbwa.

Kwa hiyo waambie wenzako kwamba anaziona.

Na mwalimu? Mwalimu alikwishapata, ila wewe ulikuwa umeshaolewa na hatukukuandikia. Sitamtaja jina, hakuwa mtu mbaya, bali alikuwa mtu wa saa. Alimwekea mtungi mezani auchore kwa penseli, na kengele ilipolia akamnyang'anya karatasi, ilhali unajua neno ambalo nduguyo hulisema kuliko yote ni "bado". Alirudi nyumbani, na kwa miezi saba hakugusa kalamu. Mamako alikuwa akimwekea karatasi kando ya sahani, naye akila na kuiacha.

Usidhani nawachukia walimu. Stephen Wiltshire wa Uingereza, mwenye usonji vilevile, ambaye huchora mji mzima kwa kumbukumbu baada ya kuuzunguka kwa helikopta, alisomea sanaa London. Lakini alikwenda kule mkono wake ukiwa tayari ni wake. Na huko uliko, kila duka la picha linauza kazi za wafuasi wa Edward Saidi Tingatinga, ambaye hakusomea uchoraji popote, alipaka wanyama wake juu ya mbao nyembamba za kiwandani kwa rangi za kupakia baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 hakuwa amefanya kazi hiyo hata miaka mitano kamili. Je, angekuwapo wa kumwambia kwamba chui hana madoa ya namna ile, tungepata nini?

Akija mtu aliye radhi kuketi naye mwambani mpaka maji yarudi, bila kumhimiza, nitamkaribisha na nitamlipa. Hadi hapo, kazi yangu ni kuangalia kalenda ya bamvua, kumpeleka kabla matatu hazijajaa kelele zinazomfanya azibe masikio, na kuhakikisha karatasi za manila hazipungui.

Jambo moja nakuomba. Waridi imekwisha, na pono watatu wanangoja mashavu. Ukija Idi, leta kalamu za rangi hiyo, za aina ileile aliyozoea; nilimletea za aina nyingine mwezi uliopita, akaijaribu moja kwenye kucha yake, akanirudishia pakiti nzima.

Mamako anakusalimu sana, nawe utusalimie mkwe na wajukuu.

Ni mimi babako,
Mombasa